Mtihani wa Kununua Nyumba ya Kona

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu kasoro robo asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri. Mwenye nyumba wetu aligonga mlango mara tatu kwa ncha ya mwavuli, kama kawaida yake, kisha akaingia kabla ya kukaribishwa, pia kama kawaida yake. Alikuwa na mkoba wa ngozi, kiti cha kukunja na kengele ya shaba yenye mpini wa mbao.

Kengele hiyo inahitaji maelezo. Mwenye nyumba wetu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita. Siku aliyostaafu, shule ilimpa saa ya ukutani, naye akajipa kengele. Mtaa mzima unamwita Mwalimu Mkuu hadi leo, na yeye haoni sababu ya kuwakataza.

“Mpangaji,” aliniambia, “nyumba hii inauzwa.”

Nilikuwa nimeshika sufuria ya chai. Niliiweka chini. Mama yangu, aliyekuwa ameketi karibu na dirisha, aligeuza uso kuelekea sauti.

“Inauzwa na nani?” aliuliza.

“Na mimi mwenyewe, bila dalali. Madalali ni wezi waliovaa mashati safi. Wanakula kwa muuzaji, wanakula kwa mnunuzi, kisha wanafuta midomo na kuomba nauli. Mimi nimeongoza watoto mia nane. Nyumba moja haiwezi kunishinda.”

“Hao mia nane uliwauza kwa bei gani?”

“Mama, tafadhali,” nilisema.

Mwalimu Mkuu alikunjua kiti chake katikati ya sebule yetu, ingawa viti vilikuwepo vinne, akaketi. Alieleza kwamba fedha za nyumba hiyo zingejenga shule ya chekechea yenye jina lake. Alieleza pia kwamba kila Jumamosi angekuja kupokea wanunuzi, na kwamba sisi tungeonyesha vyumba kwa adabu na kutosema kitu.

Lazima nieleze kwa nini habari hiyo ilinikata maini. Mama haoni. Tulihamia nyumba ile miaka kumi na moja iliyopita akiwa na macho mazima, na mwaka uliofuata yakazimika yote mawili. Akajifunza nyumba upya kwa nyayo na viganja. Kutoka kitandani kwake hadi chooni ni hatua tisa. Kutoka kiti chake cha dirishani hadi jikoni ni hatua kumi na nne, na kwenye hatua ya sita kuna kigae kilichoinuka, ambacho mtu mwingine hujikwaa nacho na yeye hukitumia kama kibao cha barabarani. Anapika, anafua, anapokea wageni, na akitaka kuwatukana anawatukana bila msaada wa mtu. Niliwahi kumpeleka kwa dada yangu nilipokwenda masomoni wiki mbili. Siku zote kumi na nne alikaa kwenye kiti kimoja kama mzigo unaosubiri mwenyewe aje kuuchukua. Kuhama, kwangu mimi, kungekuwa usumbufu. Kwake kungekuwa kupofuka mara ya pili.

“Nitainunua mimi,” nilisema.

Sikuwa nikitania. Mimi ni mtaalamu wa maabara katika hospitali ya mji. Chama chetu cha kuweka na kukopa kilikuwa kimeniidhinishia mkopo wa nyumba tangu mwaka uliotangulia, na nilikuwa natafuta nyumba ya kuutumia. Bei aliyoitaja haikuwa ya kuchekesha. Niliikubali palepale.

Mwalimu Mkuu alinitazama kama mtu anayetazama kabati lililofungua mdomo na kusema.

“Wewe ni mpangaji,” alisema.

“Ndiyo.”

“Mpangaji hulipa kodi. Mnunuzi hununua.”

“Na mpangaji mwenye fedha za kununua anaitwaje?” aliuliza Mama.

“Anaitwa mpangaji mwenye fedha.” Alifungua mkoba. “Lakini mimi si mtu wa upendeleo. Atachukua fomu kama wengine.”

Fomu ilikuwa ya kurasa nne, aliyoichapa mwenyewe kwa taipureta na kuitolea nakala. Iliitwa FOMU YA UPIMAJI WA WANUNUZI. Maswali yalikuwa ishirini na alama mia moja. Ufaulu ulianzia sabini na tano. Swali la kwanza: Nyumba ni nini? Swali la nane, lenye alama thelathini: Eleza hali ya nyumba hii kwa hoja zisizopungua kumi. Swali la ishirini: Kwa maoni yako, mmiliki wa sasa ameitunzaje nyumba hii? Mwandiko na unadhifu vilikuwa na alama zake. Na juu kabisa, penye nafasi ya jina, yeye mwenyewe alikwisha kuandika kwa herufi kubwa: MPANGAJI.

“Hapa ni pa jina langu,” nilisema.

“Nimekujazia.”

Ndivyo zilivyoandikwa stakabadhi zangu zote za kodi kwa miaka kumi na moja: “Mpangaji, nyumba ya kona”. Mkataba wa kwanza ulishughulikiwa na marehemu mkewe, mtu muungwana, aliyenijua kwa jina na kuuliza hali ya macho ya Mama. Mume hakuwahi kuuliza jina wala macho. Nilikuwa nikiihesabu kuwa dharau ndogo ya kuachwa ipite. Sikujua kwamba ingekuja kunifaa.

Nilifanya mtihani huo mezani kwangu, sebuleni kwangu, katika nyumba niliyoilipia hadi mwisho wa mwezi, huku mwanamume mzima akitembea nyuma ya mgongo wangu na kengele mkononi kuhakikisha kwamba sinakili kwa mwenzangu. Mwenzangu pekee chumbani alikuwa Mama.

Kazi yangu ni kuandika ninachokiona kwenye kioo cha hadubini, si ninachotamani kukiona. Swali la nane nililijibu hivyo. Bati la chumba cha nyuma linavuja sehemu tatu. Swichi ya koridoni hupiga shoti mvua ikinyesha. Ukuta wa mashariki una ufa wenye urefu wa mkono. Bomba la chini ya sinki limezibwa kwa mpira wa baiskeli. Mlango wa uani unashikiliwa na bawaba moja badala ya tatu. Niliombwa hoja zisizopungua kumi, nikatoa kumi na saba. Kwenye swali la ishirini niliandika sentensi mbili: “Hakuitunza. Alikuja kuchukua kodi.”

Kengele ililia. Alisahihisha palepale, kwa kalamu nyekundu, akivuta pumzi kwa pua. Kwenye kila hoja ya swali la nane aliandika “Si kweli”, akatia herufi za jina lake na tarehe, kwa kuwa mtu aliyezoea kusahihisha hawezi kulipita kosa bila kuacha ushahidi kwamba amelipita. Mara kumi na saba. Mwishoni aliandika: “Hana shukrani. Amefeli.” Akaweka sahihi yake kamili, yenye mkia.

“Thelathini na moja,” alisema. “Una miezi miwili ya kutafuta pengine.”

“Umepata ngapi?” aliuliza Mama, kana kwamba hakusikia.

“Thelathini na moja.”

“Ya juu hiyo. Nisingedhani angekupa hata kumi.”

Mwalimu Mkuu aliiacha karatasi mezani akaenda kunawa wino mikononi. Nilisikia akihangaika na koki. Inafunguka kwa kuzungushwa kinyume. Sikumwambia, na dakika alizopoteza huko zilinitosha kupiga picha kurasa zote nne kwa simu. Kwetu maabara hakuna majibu yanayotoka bila nakala. Aliporudi, aliiweka karatasi kwenye faili la kijani. “Kila karatasi ya mtihani huhifadhiwa,” alisema. Hilo tu ndilo jambo la maana alilosema asubuhi ile.

Nje alisimamisha ubao: NYUMBA INAUZWA. MWENYEWE YUPO. MADALALI WASITHUBUTU. Madalali hawakuthubutu, na wanunuzi pia hawakuthubutu, maana wanunuzi wa mji wetu huletwa na madalali. Jumamosi iliyofuata alikuja mmoja tu, muuza matairi, mtu mnene mwenye haraka. Alipewa fomu na penseli.

“Mzee, nimekuja kununua nyumba au kufanya mtihani?”

“Vyote viwili. Na umechelewa dakika kumi.”

Muuza matairi alicheka, akidhani ni utani. Alipoona kengele aliacha kucheka. “Haya.” Aliandika jina lake, akainua kichwa. “Kwanza nioneshe tangi la maji liko wapi.”

Mwalimu Mkuu alitembea kwa heshima hadi jikoni na kufungua kabati la vyombo. Alilitazama. Akalifunga. Akafungua mlango wa stoo, akautazama ufagio kwa muda mrefu.

“Toka mlango wa uani,” Mama alisema kutoka kwenye kiti chake. “Shika ukuta wa kushoto, hatua kumi na tisa. Usiuvute mlango kwa nguvu, una bawaba moja.”

“Bibi huyu anaona?” muuza matairi aliniuliza kwa sauti ya chini.

“Haoni.”

“Basi anaijua nyumba kuliko mwenye hati.” Aliirudisha penseli mezani. “Mzee, tafuta dalali. Utakufa na hiki kinyumba mkononi.”

Alipewa alama nane, zote za kuandika jina lake. Baada yake, wiki iliyofuata, walikuja mke na mume waliotaka nyumba ya kuanzia maisha. Mke alipata sitini na nane, mume hamsini na moja. Mwalimu Mkuu alichukua wastani. Waliondoka wakigombana kuhusu swali la kumi na mbili, na sauti ya mke ilisikika hadi mwisho wa mtaa. Siku hiyo mvua ilikuwa kubwa, na beseni langu lilikuwa chumba cha nyuma, chini ya tundu la kwanza.

“Ondoa beseni,” Mwalimu Mkuu aliniamuru kabla hawajafika.

“Maji yatamwagika sakafuni.”

“Yatamwagika saa sita, wageni wakishaondoka.”

Alilisema hilo bila kutania. Aliamini kwamba hata mvua ina ratiba yake ya vipindi.

Jumatatu, saa ya mapumziko ya mchana, nilikwenda kumtafuta Funguo. Funguo ni dalali. Ofisi yake ni kiti cha plastiki kando ya duka la kutoa nakala, na jina lake limetokana na rundo la funguo analolining'iniza kiunoni, za nyumba ambazo hakuna hata moja iliyo yake. Ndiye aliyetuleta nyumba ya kona miaka kumi na moja iliyopita. Alichukua kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake, akatuapia kwamba bati halivuji. Simheshimu. Nilikwenda kwa sababu nilikwisha kumjaribu mtu wa heshima.

“Dada wa maabara!” alisema, akisimama na kunipisha kiti. “Nyumba imekuchosha?”

“Inauzwa.”

“Najua. Ubao wake unanitukana kila nikipita. ‘Wasithubutu.’ Nimethubutu nini mimi, jamani?”

Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio: fomu, kengele, alama, macho ya Mama. Alisikiliza akitikisa funguo zake taratibu. Nilipofika kwenye swali la kwanza aliomba nirudie. Nilirudia. Alijifuta machozi ya kicheko kwa kiganja.

“Kwa hiyo unataka nikafanye mtihani badala yako.”

“Nataka uniwakilishe. Hutasema uongo. Penye jina la mnunuzi utaandika jina langu, herufi mbili na ukoo, kama lilivyo kwenye vyeti vyangu. Mwisho utasaini kwa niaba yangu, na utaandika kwamba ni kwa niaba.”

“Halijui jina lako?”

“Hajawahi kuliuliza.”

“Miaka kumi na moja?” Kwa mara ya kwanza sikuona kicheko usoni pake. “Mimi nawajua kwa majina hata wapangaji walionikimbia. Na akiniuliza kama mimi ni dalali?”

“Mwambie ukweli.”

“Hataniuliza, dada. Watu kama hao huuliza maswali waliyokwisha kuyaandika tu. Niambie, anapenda nini?”

“Mwandiko mzuri. Na kusifiwa.”

“Hivyo viwili ni bure.”

“Wewe si bure.”

“Mimi si bure,” alikubali, akataja ujira wake.

Ulikuwa mkubwa. Nilimdharau kwa kuutaja bila haya, nikajidharau kidogo kwa kuukubali, kisha nikarudi kazini, kwa kuwa mapumziko ya mchana ni dakika arobaini na tano.

Jumamosi ya nne Funguo alifika dakika tano kabla ya muda. Alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyokodiwa kwa dobi, na kiunoni hapakuwa na hata ufunguo mmoja. Alipiga hodi mara moja, kwa upole. Mama, aliyeijua sauti ile tangu enzi za macho yake, alijifunika mdomo kwa ncha ya khanga.

Mwalimu Mkuu aliniagiza nimtembeze mgeni.

“Chumba cha nyuma,” nilisema mlangoni. “Kinavuja.”

“Bado?” Funguo alinong'ona. “Ah, jamani. Nilidhani wameziba.”

Kisha alikaa mezani akaandika. Naweza kusema mengi dhidi yake, lakini mwandiko wake ni wa kupendeza: umelala kidogo kulia, umesimama juu ya mstari, hauna mkwaruzo hata mmoja. Nyumba ni nini? “Nyumba ni darasa la kwanza la binadamu.” Mwalimu Mkuu alisoma hilo juu ya bega lake, akafumba macho kama mtu aliyeonja kitu kitamu. Mmiliki wa sasa ameitunzaje? “Ameitunza kwa mkono wa baba na jicho la mkaguzi.” Kengele haikuhitajika. Funguo alimaliza mapema, akakunja mikono juu ya meza kama mtoto wa dawati la mbele.

“Tisini na nne!” Mwalimu Mkuu alitangaza. “Sita nimezizuia kwa kuwa hakuna mwanadamu anayestahili mia.”

“Ni nyingi mno, Mwalimu.”

“Unaona, bwana? Hivi ndivyo nyumba inavyouzwa. Dalali angeniletea wahuni. Angewaficha wanunuzi wa kweli, angenidanganya usoni, na mimi ningemlipa kwa kunidanganya.”

“Watu wabaya sana wale, Mwalimu,” Funguo alisema. “Mimi nawajua kwa karibu.”

Mama alipaliwa na chai. Nilimpigapiga mgongoni hadi Mwalimu Mkuu alipomaliza kuandika barua ya kumkubali mnunuzi. Alinakili jina kutoka kwenye fomu, herufi mbili na ukoo, kwa mkono wake mwenyewe, akaipiga muhuri wa zamani wa shule.

Alhamisi, saa nne asubuhi, tulikutana kwa wakili. Ofisi yake ipo ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Mwalimu Mkuu alimchagua kwa sababu alikuwa mwanafunzi wake na kwa hiyo, kwa maoni yake, asingethubutu kumtoza. Wakili ni mwanamke mfupi anayezungumza bila kupandisha sauti. Alimwamkia mwalimu wake vizuri, akampa kiti kizuri kuliko vingine. Mimi niliingia mwisho.

“Mpangaji,” Mwalimu Mkuu alisema, “umefuata nini huku? Nyumba utaikabidhi mwisho wa mwezi ujao.”

“Mwalimu,” wakili alisema, “huyu ndiye mnunuzi.” Akasoma jina langu kwenye barua ya kukubaliwa.

“Hilo ni jina la huyu bwana.”

“Mimi naitwa vingine, Mwalimu,” Funguo alisema. “Mimi nilisaini k.n.y.”

Mwalimu Mkuu aliivuta fomu. K.n.y. ilikuwepo, mbele ya sahihi, wazi kama nzi ndani ya maziwa. Katika maisha yake alisaini barua maelfu kwa niaba ya afisa elimu, na kila moja aliiandikia herufi hizo tatu. Kwenye fomu hii kalamu yake nyekundu ilikuwa imepita juu yake na kuzipa alama mbili za unadhifu.

“Na wewe ni nani?” alimwuliza Funguo, siku tano baada ya kumpa alama tisini na nne.

“Dalali, Mwalimu.”

Mwalimu Mkuu alisimama.

“Siuzi! Huyu mwanamke alipata thelathini na moja!” Alifungua mkoba, akatoa faili la kijani, akaibwaga karatasi yangu mezani. “Soma! Soma mwenyewe uone aliyoyaandika kuhusu nyumba yangu!”

Wakili alisoma. Hakuwa na haraka. Alifunua ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza.

“Wino huu mwekundu ni wako?”

“Ni wangu.”

“Na hizi herufi kumi na saba, na tarehe, na sahihi hii ya mwisho?”

“Zote zangu.”

“Umewahi kulala chumba cha nyuma mvua ikinyesha?”

“Kwa nini nilale huko? Nina nyumba yangu.”

Wakili aliiweka karatasi chini na kuinyoosha sambamba na ukingo wa meza.

“Mwalimu, wewe ndiwe mteja wangu, kwa hiyo nakuambia wewe. Umeambiwa kasoro kumi na saba kwa maandishi. Umezikana zote kwa maandishi. Ukimwuzia mtu mwingine bila kumwambia, mvua ya kwanza tu atakuja kukushitaki, na ushahidi utakuwa mwandiko wako.”

“Karatasi ninayo mimi. Naweza kuichana sasa hivi.”

“Ninayo picha yake,” nilisema. “Kurasa zote nne.”

Alinigeukia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliniangalia usoni bila kutafuta bahasha ya kodi mkononi mwangu.

“Ukimwambia mnunuzi mwingine ukweli,” wakili aliendelea, “ataikata bei hadi ulie. Duniani yupo mtu mmoja tu ambaye hawezi kudai kwamba alifichwa, na ambaye amekubali kulipa bei yako nzima. Ni huyu. Kasoro amezihesabu mwenyewe.”

“Lakini alifeli,” alisema Mwalimu Mkuu. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayekumbusha jambo ambalo kila mwenye akili anapaswa kulijua.

“Hata mimi nilifeli, Mwalimu. Ulinirudisha darasa la tano mara mbili. Weka sahihi hapa, hapa na hapa.”

Alikaa. Alitoa kalamu ya bluu, akaiangalia nyekundu iliyokuwa kando yake mfukoni, akaiacha. Kwenye mkataba alilisoma jina langu polepole, midomo ikicheza.

“Ndilo hili?”

“Ndilo.”

“Ni jina zuri,” alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa nusu alama.

Akasaini, mkia na kila kitu.

Yaliyofuata ni haya. Wakili alimtoza Mwalimu Mkuu ada kamili na kumpa stakabadhi yenye jina lake lote. Mwalimu Mkuu alifungua chekechea, akawatungia mtihani wazazi wanaotaka kuandikisha watoto. Mpaka leo ana watoto wanne, na wawili ni wajukuu zake. Ubao wake aliuchukua, kengele pia. Muuza matairi alinunua nyumba mtaa wa pili kupitia dalali, bila kuandika neno. Mke na mume wale sijui. Funguo alilipwa ujira wake wote, akairudisha suti kwa dobi, akaitia fomu ya alama tisini na nne kwenye fremu na kuitundika juu ya kiti chake cha plastiki. Anawaonyesha wateja. Bado simheshimu.

Mimi nilileta fundi wa bati Jumatatu, fundi wa umeme Jumanne na fundi wa vigae Jumatano. Huyo wa vigae nilimwonyesha kigae kilichoinuka kwenye njia ya jikoni na kumkataza kukigusa. Alidhani sina akili, akanitoza zaidi.

Mama aliuliza mambo mawili. Kwanza aliuliza kama Mwalimu Mkuu alilia. Nilimwambia hakulia, akasikitika. Kisha aliuliza kuhusu kigae. Nilimwambia kipo palepale. Alisimama, akaenda jikoni hatua kumi na nne, akaweka maji ya chai motoni.